Alexander Fleming: aliyegundua penisilini na kuonya mapema kwamba vidudu vitaizoea

Katika vyumba vya wagonjwa mahututi, vile ambavyo wengi wetu tunaviita reanimasyo, waganga wanakutana leo na vidudu ambavyo havisikii tena dawa. Mtu aliyefungua enzi ya antibiotiki, Mskoti Alexander Fleming, aliona hatari hiyo ikija tangu mwaka 1945. Historia ya maisha yake inaeleza dawa ilivyopatikana, namna ilivyoanza kushindwa mapema sana, na kwa nini hospitali isiyohesabu vidudu vyake inatibu gizani.

Mtoto wa mkulima

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini-magharibi mwa Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima na mfugaji. Alikuwa amefiwa na mke wa kwanza na kuoa tena, na Alexander alikuwa wa saba kati ya watoto wanane. Baba alifariki mtoto huyo akiwa na miaka 7 tu. Mama na kaka wakubwa ndio walioendesha shamba.

Akiwa na miaka 13 alihamia London, ambako kaka yake Tom alikuwa tayari daktari. Alisoma kidogo, kisha akaajiriwa kama karani katika kampuni ya meli. Kazi hiyo haikumpendeza, lakini aliifanya kwa miaka minne.

Kilichombadilishia njia ni urithi. Mjomba mmoja alifariki na kumwachia sehemu ya fedha. Tom akamshauri azitumie kusomea udaktari. Mwaka 1901 aliingia katika chuo cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Alikichagua kwa sababu aliwahi kucheza mchezo wa mpira wa majini dhidi ya timu yao.

Alimaliza masomo mwaka 1906 akiwa kati ya wanafunzi bora. Alitaka kuwa mpasuaji, lakini timu ya kulenga shabaha ya hospitali haikutaka kumpoteza, maana alikuwa hodari wa bunduki. Wenzake wakamtafutia nafasi katika idara ya Almroth Wright, mtaalamu wa chanjo. Fleming akaingia maabara ile, na hakuiacha hadi uzeeni.

Vidonda vya vita

Vita Kuu ya Kwanza vilipolipuka mwaka 1914, Wright na kundi lake walitumwa Boulogne, Ufaransa. Maabara yao iliwekwa ndani ya jengo la kasino. Askari walikuwa wanaletwa na majeraha yenye udongo, vipande vya nguo na vyuma. Wengi waliokoka risasi, kisha wakauawa na usaha.

Waganga wa wakati ule walikuwa wanamwaga dawa kali za kuua vidudu ndani ya kidonda. Fleming alichukua sampuli siku kwa siku, akahesabu vidudu na chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Aligundua kwamba dawa hizo hazifiki katika mianya ya ndani ambako vidudu vimejificha, na wakati huohuo zinaua chembe za ulinzi.

Ili kuwaonyesha waliokuwa na shaka, alitengeneza kidonda cha bandia kwa mrija wa kioo wenye pembe nyingi zilizochongoka. Alikijaza vidudu, akakiosha kwa dawa, kisha akaonyesha kwamba vidudu vilivyobaki kwenye pembe vinaota tena. Wapasuaji wengi hawakubadili kazi yao. Lakini Fleming alitoka vitani akitafuta kitu kimoja: dawa inayoua kidudu bila kuua mwili.

Mwaka 1915, katikati ya vita, alimuoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland. Mtoto wao wa pekee, Robert, alizaliwa mwaka 1924 na baadaye akawa daktari.

Mwaka 1921 Fleming alipata dalili ya kwanza ya alichokitafuta. Aliweka kamasi zake mwenyewe kwenye kisahani chenye bakteria, na bakteria wakayeyuka. Kitu hicho, alichokiita lizozimu, kimo pia katika machozi, mate na ute wa yai. Kilikuwa salama kabisa, lakini kiliua hasa vidudu visivyo na madhara makubwa kwa binadamu.

Kisahani kilichoota kuvu

Meza ya Fleming ilijulikana kwa fujo. Hakuwa mwepesi wa kutupa visahani vya zamani, na aliviangalia tena kabla ya kuviosha. Septemba 1928 alirudi kutoka likizo, akaanza kupitia visahani alivyokuwa ameoteshea stafilokoki, bakteria wanaoleta majipu na usaha. Kimoja kilikuwa kimeota kuvu, na kuzunguka kuvu hiyo stafilokoki walikuwa wametoweka.

Alichukua kipande cha kuvu, akakiotesha kwenye mchuzi wa maabara, akapima maji yake. Aina ya kuvu ilikuwa Penicillium, na mwezi Machi 1929 akaiita dawa hiyo penisilini.

Njia aliyoitumia kupima inastahili kuelezwa. Alikata mfereji katika jeli ya kisahani, akaujaza maji ya kuvu yaliyochanganywa na jeli. Kisha akachora mistari ya bakteria mbalimbali kutoka mfereji hadi ukingoni. Baadhi ya bakteria walisimama mbali na mfereji: hao waliogopa dawa. Wengine waliota hadi kwenye mfereji wenyewe, kama vile hakuna kitu. Kati ya hao kulikuwa na bakteria wa tumbo, ndugu wa wale wanaoleta homa ya matumbo.

Kwa hiyo, kutoka siku za kwanza kabisa, Fleming alijua kwamba penisilini haiui kila kidudu. Makala aliyoyachapisha mwaka 1929 yalisema wazi nani anakufa na nani haguswi.

Makala hayo hayakushtua watu. Fleming alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoeleza kazi yake mbele ya wanasayansi wenzake London, hakuna aliyemuuliza swali. Dawa yenyewe ilikuwa ngumu kuisafisha na iliharibika haraka. Baada ya majaribio kadhaa aliiacha, lakini aliitunza kuvu hai na kumpa kila mtafiti aliyeiomba.

Oxford inamalizia kazi

Miaka kumi ilipita. Mwaka 1939, katika chuo kikuu cha Oxford, Howard Florey kutoka Australia na Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, walianza kuichunguza penisilini upya. Kuvu ya Fleming ilikuwa tayari imehifadhiwa katika jengo lao. Mwenzao Norman Heatley ndiye aliyepata njia ya kuisafisha.

Mei 1940 walichoma sindano ya streptokoki hatari panya 8. Wanne walipewa penisilini, wanne wakaachwa. Asubuhi yake walioachwa wote walikuwa wamekufa, na waliopewa dawa walikuwa hai.

Februari 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa anakufa kwa maambukizi ya stafilokoki na streptokoki. Alipata nafuu ya kushangaza ndani ya siku chache. Lakini dawa ilikuwa kidogo kiasi kwamba waliikusanya tena kutoka kwenye mkojo wake. Ilipokwisha, vidudu vikarudi, na mwezi Machi akafariki.

Mwaka 1942 Fleming mwenyewe alimtibu mtu mwenye maambukizi kwenye utando wa ubongo. Florey alimpa penisilini iliyokuwepo, na Fleming akathubutu kuichoma moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa akapona. Magazeti ya London yakaandika, na serikali ikaanza kusukuma utengenezaji. Viwanda vya Marekani viliongeza kasi, na mwaka 1944 majeshi ya washirika yalipotua Normandie, penisilini ilikuwa ya kutosha kwa majeruhi wao.

Mwaka huo Fleming alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1945 yeye, Florey na Chain waligawana tuzo ya Nobel ya tiba.

Onyo la Stockholm

Desemba 1945 Fleming alisimama Stockholm kutoa hotuba ya tuzo. Dunia nzima ilikuwa inamshangilia, lakini aliitumia sehemu ya mwisho kuonya. Alieleza kwamba si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu katika maabara: inatosha kuwapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Jambo hilohilo, alisema, linaweza kutokea ndani ya mwili wa mtu.

Kisha akatoa mfano wa kubuni. Mtu anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo. Streptokoki hawafi bali wanajifunza kuivumilia. Anamwambukiza mke wake. Mke anapata ugonjwa wa mapafu, anapewa penisilini, haimsaidii, anakufa. Fleming aliuliza nani mwenye lawama ya kifo hicho, akajibu kwamba ni yule mume aliyeichezea dawa.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Vidonge vya rangi mbili vinauzwa sokoni kimoja kimoja, na mwenye homa ananunua kwa kadiri ya fedha alizo nazo mfukoni.

Onyo hilo halikuwa la kubahatisha. Mwaka 1940, kabla mgonjwa yeyote wa Oxford hajapewa sindano, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wamechapisha habari ya kimeng'enya kinachotolewa na bakteria fulani na kuvunja penisilini. Silaha ya adui ilikuwepo kabla ya vita kuanza.

Mary Barber anahesabu

Aliyeonyesha kwa namba kwamba onyo limetimia hospitalini ni mwanamke, daktari wa bakteria Mary Barber, katika hospitali ya Hammersmith mjini London. Barber alikusanya stafilokoki waliotoka kwa wagonjwa, akawapima mmoja baada ya mwingine, akaandika.

Mwaka 1946, kati ya kila 100, kama 14 hivi walikuwa sugu kwa penisilini. Mwaka 1947 wakawa 38. Mwaka 1948 wakafika 59. Katika miaka miwili, dawa iliyoitwa ya miujiza ilikuwa imeshindwa na zaidi ya nusu ya stafilokoki wa hospitali hiyo.

Barber hakuishia hapo. Alitaka kujua kama vidudu vinakuwa sugu ndani ya kila mgonjwa, au vinapita kutoka mtu hadi mtu. Kuna virusi vidogo vinavyoshambulia bakteria, na kila aina ya stafilokoki ina virusi vyake vinavyoiua. Kwa kutumia virusi hivyo, aliweza kuwatambua bakteria kwa ukoo wao. Aligundua kwamba wengi wa wale sugu walikuwa wa ukoo mmoja. Maana yake, hospitali yenyewe ilikuwa inawasambaza: kwa mikono, kwa shuka, kwa pua za wafanyakazi waliobeba vidudu bila kuumwa.

Ugunduzi huo ulibadili swali. Kama mgonjwa mmoja ametumia dawa vibaya, kosa ni lake. Lakini mgonjwa aliyeingia hospitali kwa kuvunjika mguu na kutoka na stafilokoki sugu hana kosa lolote. Mfano wa Fleming wa mume na mke haukutosha tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Barber na wenzake waliweka kanuni hapo Hammersmith: penisilini ipunguzwe, antibiotiki nyingine zitolewe kwa utaratibu, na usafi ukazwe. Waliendelea kuhesabu, na mwaka 1960 wakatangaza kwamba idadi ya stafilokoki sugu imeshuka. Usugu uliweza kurudi nyuma, kwa sharti kwamba mtu anaufuatilia. Barber alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965.

Chumba kipya cha hospitali

Wakati Fleming akizunguka dunia kupokea heshima, aina mpya ya chumba ilikuwa inazaliwa. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipigwa na mlipuko wa polio. Wagonjwa wengi walishindwa kupumua. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kuwekewa mrija, na wanafunzi wa udaktari wakakaa zamu usiku na mchana wakiwapulizia hewa kwa kubana mfuko kwa mkono. Vifo vilipungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua chumba maalum cha wagonjwa mahututi. Huo ndio mwanzo wa reanimasyo tunayoijua.

Chumba hicho kinaokoa watu, lakini kinawapa vidudu sugu makazi mazuri kwa sababu tatu. Kwanza, mrija wa mashine ya kupumulia, mpira wa mkojo na sindano ya serumu vinatoboa ulinzi wa mwili na kufungua njia ya kuingia. Pili, karibu kila mgonjwa anapewa antibiotiki kali, kwa hiyo vidudu dhaifu vinakufa na vilivyo sugu vinabaki na nafasi yote. Tatu, mikono ileile inahudumia vitanda vingi usiku mmoja.

Ndiyo maana majina yanayosumbua vyumba hivyo leo ni stafilokoki sugu, pamoja na Klebsiella, Acinetobacter na Pseudomonas. Baadhi yao vinastahimili hata karbapenemu, dawa ambazo waganga wanaziweka akiba kwa siku ya mwisho.

Kifo cha Fleming

Fleming hakuyaona yote hayo. Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alioa tena, safari hii mtafiti Mgiriki, Amalia Koutsouri-Voureka, aliyefanya kazi katika maabara yake. Tarehe 11 Machi 1955 alikufa nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73. Alizikwa katika kanisa kuu la St Paul's, pamoja na mashujaa wa taifa lake.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1960, kulikuwa na dawa mpya, metisilini, iliyotengenezwa ili kimeng'enya cha stafilokoki kisiivunje. Kabla mwaka haujaisha, mtafiti Patricia Jevons, London, alikuwa ameshapata stafilokoki sugu kwayo.

Kufuatilia kunafanywaje?

Kazi ya Barber inaendelea leo kwa hatua zilezile. Mgonjwa akipata homa kali, damu inachukuliwa kabla ya antibiotiki ya kwanza. Inawekwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, na chupa inatunzwa kwenye joto la mwili. Kidudu kikiota, kinatandazwa kwenye kisahani na kuwekewa vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Mahali dawa inapofanya kazi, duara tupu linabaki, na fundi wa maabara analipima kwa milimita. Hiyo ndiyo antibiogramu, na ni mtoto halali wa mfereji wa Fleming.

Matokeo yanamsaidia mgonjwa, lakini kazi haiishii kwake. Yanaandikwa kwenye daftari: tarehe, kitanda, kidudu, dawa iliyoshindwa. Mgonjwa mmoja mwenye kidudu kilekile anahesabiwa mara moja tu. Maambukizi yanalinganishwa na idadi ya siku ambazo wagonjwa walikuwa kwenye mashine au na mpira wa mkojo, ili mwezi wenye wagonjwa wengi usionekane mbaya bure. Vitanda viwili jirani vikitoa Klebsiella yenye usugu uleule wiki moja, mkuu wa chumba anajua pa kuanzia: mikono, masinki, mirija.

Pasipo daftari hilo, kila kifo kinaonekana ni cha peke yake. Familia inaambiwa ugonjwa ulizidi nguvu, na dawa ileile iliyoshindwa inaandikwa tena kwa mgonjwa anayefuata.

Congo inahusika moja kwa moja. Mwaka 2004 na 2005 Kinshasa ilipigwa na homa ya matumbo iliyotoboa utumbo wa wagonjwa wengi, na bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa kadhaa za kawaida. Tangu mwaka 2007 taasisi ya INRB ya Kinshasa, pamoja na taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, inaotesha damu za wagonjwa kutoka hospitali mbalimbali za nchi. Kazi hiyo ndiyo iliyofichua Salmonella inayoingia kwenye damu ya watoto na kustahimili karibu dawa zote zilizopo.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2015 mfumo wa kukusanya takwimu za usugu kutoka nchi zote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na kwamba mzigo mkubwa zaidi uko Afrika kusini mwa Sahara. Ni eneo hilohilo lenye maabara chache za kuotesha damu.

Fleming aliipata penisilini kwa sababu aliangalia kisahani kabla ya kukitupa. Barber aliona inashindwa kwa sababu alihesabu. Vyote viwili vinahitaji chupa za damu, umeme usiokatika kwenye kitunza joto, fundi aliyelipwa, na daftari linalosomwa kila mwezi. Hospitali inayonunua mashine ya kupumulia bila kununua hivyo inamfungulia mgonjwa njia ya hewa, na wakati huohuo inamfungulia Klebsiella mlango.